Kitenzi na Kijineno katika Kiingereza cha Kila Siku: Suala la Mipaka ya Leksimu

Mfasiri wa Kiswahili anayeshughulika na matini ya Kiingereza hakwamishwi sana na vitenzi virefu vyenye asili ya Kilatini. Vitenzi kama "postpone", "extinguish" na "tolerate" vina visawe vilivyo wazi: ahirisha, zima, vumilia. Anakokwama ni kwenye maneno mafupi yanayobeba maana zizo hizo katika mazungumzo: "put off", "put out", "put up with". Kila neno katika vikundi hivyo analijua; jumla yake haijui. Makala haya yanadai kwamba ugumu huo unatokana na swali moja, nalo ni mahali leksimu inapoishia. Katika miundo hii leksimu haiishii kwenye mpaka wa neno, na uchanganuzi unaolitazama kila neno peke yake huathiri kamusi na tafsiri pia.

Jambo lenyewe si geni. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliutaja muundo huu kuwa ndio unaowapa wageni taabu kubwa zaidi. Istilahi "phrasal verb" ilikuja baadaye sana: ilitumiwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925, naye akaeleza kwamba alipendekezewa na mwanakamusi Henry Bradley. Hapa neno dogo linaloandamana na kitenzi litaitwa kijineno, bila kuamua mapema kama ni kielezi au kihusishi.

Tuangalie sentensi zifuatazo:

(1) a. She looked up the word.
    b. She looked at the word.

Kwa macho zinafanana. Hata hivyo, katika (1a) yambwa inaweza kutangulia kijineno, "looked the word up", ilhali *"looked the word at" haikubaliki. (Kinyota kinaonyesha muundo usio sahihi.) Yambwa ikiwa kiwakilishi, mpangilio huo huwa wa lazima: "looked it up", wala si *"looked up it"; lakini "looked at it" ndiyo sahihi. Kielezi huweza kupenya katika (1b), "looked carefully at the word", na hakiwezi kupenya katika (1a). Katika usemaji pia "up" hupokea mkazo, na "at" kwa kawaida haipokei. Kwa hiyo "at" ni kihusishi kinachoongoza kirai chake, na "up" ni kielezi kilichoambatana na kitenzi. Umbo moja huweza hata kubeba dhima zote mbili:

(2) a. He ran up a big hill.
    b. He ran up a big bill.

Ya kwanza ni "Alipanda kilima kikubwa mbio". Ya pili ni "Alilimbikiza deni kubwa".

Laiti mambo yangeishia hapo, kazi ingekuwa rahisi. Lakini chukua "look after". Kwa vipimo vyote vya mpangilio, "after" ni kihusishi: *"look the child after" haisemwi. Kisemantiki, hata hivyo, "look after" ni tunza, na wala haina chembe ya kutazama nyuma ya mtu. Muundo wa kutendwa nao unathibitisha umoja huo: "The child was looked after". Hivyo vipimo vya sintaksia vinajibu swali moja na vipimo vya leksimu vinajibu jingine. Vitabu vingi vya kufundishia huyachanganya maswali haya mawili, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba akishajua aina ya neno amekwisha kujua maana.

Maana yenyewe ina ngazi. Katika "come in" kila neno limehifadhi maana yake. Katika "eat up", "drink up" na "use up", kijineno hakionyeshi tena upande wa juu bali ukamilifu wa tendo. Katika "put up with" hakuna kinachoweza kukisiwa. Isitoshe, vijineno havifuati mantiki ya vinyume: fomu ile ile hujazwa kwa "fill in" au "fill out", kengele ya tahadhari "ikigo off" imeanza kulia, na taa "ikigo off" imezimika.

Kwa nini mzungumzaji wa Kiswahili aone muundo huu kuwa mgeni? Jibu moja limo katika uainishaji wa Leonard Talmy, anayetofautisha lugha zinazoweka mwelekeo wa mwendo ndani ya kitenzi na zile zinazouweka nje yake. Kiingereza kina "go" moja, kisha "in", "out", "up" na "down" hugawana kazi. Kiswahili kina ingia, toka, panda na shuka. Ndiyo maana walimu wa Kiswahili huikosoa "panda juu" kuwa ni ziada: kitenzi kimekwisha kusema. Ndiyo maana pia katika tafsiri ya (2a) mwelekeo umekuwa kitenzi, na namna ya mwendo imekuwa kielezi.

Ulinganifu wa karibu zaidi umo katika mnyambuliko. Tazama huzaa tazamia, ambayo ndiyo hasa "look forward to". Ingia huzaa ingilia, toka huzaa tokea, amka huzaa amkia. Amkia haina tena uhusiano wa wazi na kuamka, kama vile "look after" isivyo na uhusiano wa wazi na kutazama. Kiswahili kina hata kijineno chake: tupa, tupilia mbali, ambapo mbali inashirikiana na kauli ya kutendea kuonyesha ukamilifu. Ulinganifu huu usivutwe kupita kiasi, kwani kauli ya kutendea kwa kawaida huongeza yambwa kwa utaratibu unaotabirika, jambo ambalo vijineno vya Kiingereza hulifanya kwa nadra.

Athari zake zaonekana katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, ambako "pick me at the station" husikika bila "up", na "cope up with" husikika na "up" ya ziada, labda kwa kuiga "keep up with". Zaonekana pia katika Kiswahili chenyewe. "Waziri amekuja na mpango", kwa maana ya kuubuni, inafuata "come up with". Msikilizaji asiyejua Kiingereza ana haki ya kudhani kwamba mpango ulibuniwa kwingine naye akauleta. Kubuni mpango ingetosha.

Kwa mwanakamusi, "put off" yastahili kuwa kidahizo kidogo chini ya "put", chenye alama inayoonyesha nafasi ya yambwa, maana bila alama hiyo mtumiaji ataandika *"put off it". "Look forward to" yahitaji kuonyeshwa kwamba "to" hapo ni kihusishi, hivyo hufuatwa na "seeing", si "see". Lipo pia suala la rejista, ambalo kisawe peke yake hakilitatui: vumilia inafasiri "tolerate" na "put up with" vilevile, ingawa Mwingereza anayelalamikia kelele za jirani jikoni kwake hutumia ya pili. Mfasiri wa tamthilia atalazimika kuitafuta tofauti hiyo mahali pengine katika sentensi, pengine katika nahau au katika kiigizi cha sauti, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hakimpi.