Mkate Nafuu ni Ule Unaoliwa Ukaisha

Asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha juu ya ziwa, nilifungua mkate niliokuwa nimeununua siku tatu nyuma kwenye kibanda kimoja jirani na mwalo wa Katonga, Kigoma. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone ya maji, madogo kama jasho la paji la uso. Slesi za juu zilikuwa nzima. Ya tatu ilikuwa na doa la kijani, ukubwa wa punje ya choroko, limezungukwa na manyoya meupe. Nilipoitenganisha na ya nne, doa lilikuwa limeshapita upande wa pili. Slesi nane zikaenda shimoni, na mkate mkubwa nilikuwa nimeuchagua kwa sababu ndio uliokuwa rahisi.

Tupige hesabu kwa bei za mfano. Wewe weka za duka lako. Mkate mkubwa wa slesi 20 ni shilingi 2,000, yaani slesi moja shilingi 100. Mdogo wa slesi 10 ni shilingi 1,200, slesi moja 120. Nyumba ya watu wawili ikila slesi nne kila asubuhi, na mkate ukaharibika siku ya nne, kilicholiwa ni slesi 12. Gawanya 2,000 kwa 12: kila slesi imekugharimu karibu shilingi 167. Ule mdogo ulioonekana ghali ungekuwa umeisha siku ya tatu asubuhi, na slesi ingebaki kwenye 120 yake. Nyumba ya watu sita mambo ni mengine: wao humaliza mkubwa kwa siku mbili, na kwao ndio nafuu kweli.

Ukungu hautoki kwenye unga. Moto wa tanuri huuua, na mkate hutoka humo ukiwa safi. Vijimbegu vyake, ambavyo vimejaa hewani na havionekani kwa macho, huuangukia mkate unapopozwa, unapokatwa na unapofungwa. Hapo vinakuta chakula na maji, kwa kuwa zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mkate laini ni maji. Mkate ukifungwa ungali na joto, mvuke wake hugeuka matone ndani ya nailoni, na matone hayo ndiyo mvua ya ukungu.

Wanawake wanaoanika dagaa Katonga wanalijua jambo hili kuliko mwokaji yeyote. Dagaa wa chanjani hupigwa na hewa juu na chini. Wa mchangani hubaki na unyevu upande wa tumbo. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, huharibika na bei yao huanguka. Dagaa tunamkausha ndipo tumuweke. Mkate tunautaka laini, na ulaini huo ni maji yaleyale, kwa hiyo hatuna budi kuula upesi.

Basi jambo la kwanza dukani ni tarehe, bei baadaye. Uliza bila aibu: "Shikamoo mama, huu mkate wa lini?" Kisha ushike. Nailoni ikiwa na ukungu wa mvuke ndani, au mkate ukiwa umekaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua mchana kutwa, rudisha. Wa jana ulioshushwa bei ni mzuri kwa anayekwenda kuumaliza chai ya leo, si kwa anayetaka kuuweka. Soma pia maandishi ya kwenye mfuko. Ukiona propioneti ya kalisi, au namba 282, hicho ni kihifadhi kinachozuia ukungu. Kwa kiwango kilichoruhusiwa hakina madhara, na huongeza siku. Mkate wa mwokaji wa mtaani mara nyingi hauna kitu hicho. Mimi naupenda zaidi kwa ladha, lakini ni mkate wa siku hiyohiyo.

Nyumbani, friji huchelewesha ukungu, ila hugeuza mkate kuwa mkavu na mgumu haraka kuliko kabatini, maana wanga hukakamaa upesi kwenye ubaridi ule. Ukizipasha slesi kwenye kikaango kikavu juu ya jiko, ulaini hurudi kwa muda. Kinachofaa zaidi ni friza: tenga slesi za siku mbili, zilizobaki zigandishe siku ileile uliyonunua. Asiye na friza asinunue friji kwa ajili ya mkate. Aweke mkate mahali pakavu penye kivuli, mbali na mvuke wa sufuria, na kontena lake alioshe, alikaushe kabisa kabla ya kuweka mkate mpya. Kipande cha zamani kisilale na kipya.

Na si lazima iwe mkate. Andazi unalinunua moja moja kwa hesabu ya vinywa vilivyopo, asubuhi ileile, hakuna cha kutupa. Muhogo wa kuchemsha, ambao Kigoma haujawahi kutuangusha, hukaa ardhini ukikusubiri; ukishang'olewa tu ndipo siku zake zinakuwa mbili tatu. Miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, mimi hupunguza mkate na kuongeza hivyo viwili.

Usikate doa ukala kilichobaki. Unachokiona ni sehemu ya juu tu. Nyuzi zake zimeshapenya ndani ya ulaini wa mkate. Ukungu mwingine hutengeneza sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Ukungu wa mkate mara nyingi si ule, lakini jicho haliwezi kuutofautisha. Kwa hiyo usiunuse, usimpe mtoto, na kuku pia usimtupie: ufunge kwenye mfuko, uutupe, na kesho nunua mdogo.