Madoa Meupe Kwenye Gari Jeusi: Kabla Hujalipia Mashine ya Kusafisha Maji

Ushawahi kulipa gari lioshwe, ukaondoka ukiwa umefurahi, halafu ukifika nyumbani unakuta boneti imejaa vidoa vyeupe kama mtu ameinyunyizia maziwa? Kama unaishi Kitengela au Athi River, huenda hatuhitaji kukueleza zaidi. Na kama wewe ndiye uliyeliosha hilo gari, unajua mwenye gari atasema nini.

Mteja wetu mmoja ana kituo cha kuosha magari huko Kitengela. Ana vijana watatu, matangi mawili na mashine ya presha. Maji yake ni ya kisima, yale ambayo kila mtu huyaita maji ya chumvi. Magari meupe hayakumpa shida, maana doa jeupe juu ya rangi nyeupe nani ataliona? Shida ilikuwa mzee mmoja wa gari jeusi, aliyekuwa akija kila Jumamosi na marafiki zake wawili nyuma yake. Siku moja alirudi baada ya nusu saa, akaegesha palepale mlangoni mbele ya wateja wengine.

"Madam, hii gari imeoshwa ama imenyeshewa?"

Vijana walilifuta tena kwa kitambaa kikavu. Madoa hayakutoka yote. Mzee hakuonekana mwezi mzima, wala wale marafiki.

Alipotupigia simu, mama huyu alitaka kujua jambo moja tu: ameona tangazo la mashine ya kusafisha maji, je, anaweza kuilipia kidogo kidogo kwa simu? Tulienda tukakaa naye, na tukagundua swali la malipo lilikuwa la mwisho kabisa kwenye foleni.

Madoa yanatoka wapi

Maji ya kisima hupita kwenye mawe na udongo na kubeba madini njiani: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na mengineyo. Yameyeyuka, kwa hivyo huyaoni. Gari likiachwa likauke, maji yanaenda hewani lakini madini yanabaki juu ya rangi. Ukioshea kwenye jua la saa saba, boneti ikiwa moto, matone yanakauka kabla kijana hajafika na taulo. Yakikaa hapo siku kadhaa, yanashika na kuwa kazi kuyatoa.

Kuna kifaa kidogo kama kalamu kinachoitwa mita ya TDS. Unakitumbukiza kwenye glasi ya maji, kinakupa namba. Namba hiyo ni makadirio ya miligramu za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita. Maji yakisoma 800, kila lita 20 zina karibu gramu 16 za madini. Karibu vijiko vitatu vidogo vya chumvi, mtungi mmoja tu! Ukitaka gari lijikaushie lenyewe bila doa, maji ya mwisho yanafaa yawe karibu na sufuri. Chini ya 20 hivi ni pazuri.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Filta ya kawaida ya mchanga au ya kaboni inaondoa matope, kutu na harufu. Haiondoi chumvi iliyoyeyuka, sawa na vile kichujio cha chai hakiwezi kuondoa sukari. Hata ile mashine ya kulainisha maji inabadilisha tu kalsiamu kwa sodiamu. Sabuni itatoa povu vizuri na madoa yatafutika kirahisi zaidi, lakini namba kwenye mita haishuki. Muuzaji akikwambia "hii filta inatoa kila kitu", toa mita mfukoni umwambie apime mbele yako.

Zinazofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni RO, inayosukuma maji kwa presha kupitia utando mwembamba sana. Ikiwa nzima, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya madini, kwa hivyo maji ya 800 yanaweza kutoka yakisoma 40 hivi. Lakini inamwaga maji pia. Mashine ndogo inaweza kumwaga lita mbili au zaidi kwa kila lita moja safi, na hayo usiyatupe, yatumie kutoa tope kwenye magurudumu na kuosha kapeti za plastiki. Ya pili ni mtungi wa rezini, zile punje ndogo zinazonasa madini yaliyobaki hadi mita isome sufuri. Rezini hujaa. Ukiipa maji ya kisima moja kwa moja, bila RO mbele yake, itajaa haraka na utakuwa unanunua nyingine kila mara.

Anza na mtungi mmoja

Ushauri wetu kwa mama ulikuwa asinunue mashine kwanza. Mtaani kwake kuna maduka mawili ya kujaza maji ya kunywa, na maduka mengi ya aina hiyo hutumia RO. Alipima yote mawili. Maji ya moja yalisoma 28. Ya lingine hayakuwa mbali sana na maji ya kisima chake, nasi tulinyamaza kimya tukakumbuka chai tuliyokunywa asubuhi.

Maji safi si ya kuoshea gari zima. Unaosha na kusuuza kwa maji yako ya kawaida kama siku zote, kivulini, kisha lita 15 hivi za maji safi zinapitishwa mwisho, kuanzia paa kushuka chini, kabla yale ya kwanza hayajakauka. Kwa pampu ya mkono ya kunyunyizia, hata lita 10 zinatosha gari dogo.

Sasa hesabu. Tuseme duka linauza lita kwa shilingi 5. Lita 15 ni shilingi 75 kwa gari. Kuosha kwake ni shilingi 300, akaweka huduma ya pili ya 400 kwa anayetaka "bila madoa". Akipata magari mawili kwa siku, siku 26 za kazi, maji yatamgharimu shilingi 3,900 kwa mwezi. Kwa kiasi hicho aendelee na mitungi tu. Akifika magari kumi kwa siku ni shilingi 19,500, na hapo mashine inaanza kuongea.

Lakini utajuaje ni magari mangapi? Kumbukumbu ya kichwa hudanganya, hasa Jumamosi. Hapa nambari ya till inakusaidia bila daftari: wateja wote walipe kwa till, na bei hizo mbili zisilingane. Mwisho wa mwezi toa taarifa ya malipo, uhesabu zile za 400. Akija mtu na pesa taslimu, iingize kwenye simu siku hiyohiyo, la sivyo hesabu itakuonyesha biashara ndogo kuliko uliyo nayo.

Kuhusu ile mashine ya tangazo, muuzaji alikuwa ameomba shilingi 15,000 za "kushikilia mzigo", zitumwe kwa nambari ya mtu binafsi. Mama alikuwa tayari ameandika kiasi. Kilichomzuia ni jina lililotokea kwenye skrini, ambalo halikufanana hata kidogo na lile la duka. Tafadhali soma hilo jina kabla ya kuweka PIN, kila mara. Biashara ya kweli itakupa till au paybill yenye jina lake, itakukaribisha uione mashine ikifanya kazi, na itakuandikia bei ya utando na rezini za kubadilisha. Usipoulizia bei ya hivyo vya kubadilisha, utanunua mashine leo na baada ya miezi michache itakuwa kabati la kuwekea sabuni.

Kwa sasa mama bado ananunua mitungi. Mwezi wa kwanza alihesabu malipo 71 ya 400. Kila jioni anatoa shilingi 20 kwa kila gari la 400 na kuziweka kwenye akiba ya simu, mbali na pesa za matumizi.

Yule mzee alirudi Jumamosi iliyopita, peke yake. Alikataa gari lisifutwe kwa taulo, akasimama kando akilitazama likikauka, simu mkononi, bila kulipa. Dakika kumi na tano hivi. Kisha akauliza till ni ngapi.