Ishara Zisizotatuliwa katika Maktaba Shirikishi: Funzo kwa Zana za Lugha kati ya Gitega na Muyinga

Makala hii inafafanua tatizo la kiufundi lenye athari za kisera: zana ya lugha kufanya kazi katika kompyuta moja na kukwama katika nyingine, ilhali msimbo wake haukubadilika.

Maktaba shirikishi ni faili la msimbo ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Hunspell, kikagua tahajia kinachotumiwa na LibreOffice na Firefox, ni mfano mmojawapo. Kila kazi itolewayo na maktaba hutambulishwa kwa jina, yaani ishara. Maktaba inapotaja ishara isiyomo ndani yake, hufanana na sentensi yenye neno "huyo" bila mtajwa: sarufi imetimia, maana inasubiri.

Mifumo endeshi hutofautiana katika kuivumilia hali hiyo. Katika Linux, kiunganishi kwa kawaida hukubali kuunda maktaba yenye ishara zisizotatuliwa, kwa matarajio kwamba zitapatikana programu itakapoendeshwa. Windows hukataa: chanzo cha kila ishara ya nje sharti kijulikane wakati wa kuunganisha. macOS nayo hukataa, isipokuwa ikiamriwa vinginevyo.

Ichukuliwe kwamba kikagua tahajia cha Kirundi na Kiswahili kinaundwa Gitega katika Linux, kisha kinapelekwa katika shule za Muyinga zenye kompyuta za aina zote mbili. Toleo la Windows litagoma kuundwa, na kasoro itajulikana palepale Gitega. Toleo la Linux litaundwa bila onyo. Huko Muyinga, huenda likafunguka vizuri, kisha likazimika pale kazi inayokosekana inapoitwa kwa mara ya kwanza. Kosa la kwanza husahihishwa na aliyelitenda. La pili humwangukia mwalimu asiyeweza kulisahihisha, na ambaye anaweza kuhitimisha kwamba lugha yake haifai kwa kompyuta.

Kwa hiyo, mikataba ya zana za lugha za umma iweke masharti matatu. Kwanza, maktaba za Linux ziunganishwe kwa chaguo la "-z defs", linalogeuza ishara isiyotatuliwa kuwa kosa. Pili, maktaba zote tegemezi ziambatanishwe. Tatu, kila toleo lijaribiwe katika kompyuta isiyowahi kutumiwa na waundaji. Uvumilivu wa kiunganishi humpunguzia mwundaji kazi. Gharama yake hulipwa na mtumiaji.