Mchumba Asiye na Mshenga

Tangu kale mposaji hakuja mlangoni peke yake. Alitanguliza mshenga, na mshenga alitaja ukoo, kijiji na kazi ya aliyemtuma. Nao wazee wa nyumba wakauliza kwanza kabla ya kujibu. Si kwamba wazee wetu waliuchukia upendo. Walijua kwamba ukipenda chongo huita kengeza, na kwa hiyo kazi ya kutazama waliwapa watu ambao mioyo yao haikutekwa.

Leo posa huja kwa simu, usiku, mtu akiwa peke yake chumbani, wala mshenga hayupo. Pengo hilo ndilo wanalopitia matapeli wa mapenzi ya mtandaoni.

Majina yao ni mengi, lakini njia yao ni moja. Huiba picha za mtu mwingine, kisha hujifanya daktari aliye safarini, au askari aliye vitani, au mhandisi wa mafuta baharini. Kazi hizo hazikuchaguliwa ovyo, kwani kila moja ina udhuru wa kutoonana. Baada ya siku chache mgeni huomba mazungumzo yahamie WhatsApp. Hufuata majuma ya salamu za asubuhi na ahadi za ndoa, pasipo kuomba hata senti. Hapo ndipo wengi husema, “Angekuwa mwizi, angekwisha kuomba.” La! Mkulima naye hupanda kwanza, kisha akavuna. Mwishowe huja habari ya zawadi iliyozuiwa forodhani, au ajali, au nauli ya kuja kutoa mahari. Au biashara ya sarafu za mtandaoni, ambayo faida yake huonekana kwenye simu lakini haitoki.

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wajinga tu. Nchini Marekani, karibu watu 70,000 waliripoti mwaka 2022 kwamba wameibiwa kwa njia hii, jumla ya dola bilioni 1.3. Wala kumwona mtu kwa video si ushahidi kamili tena. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililotumia akili mnemba kubadili sura, likajipatia dola za Marekani zipatazo milioni 46.

Nyuma ya maneno hayo matamu upo unyonyaji mwingine. Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wamezuiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walivutwa kwa matangazo ya kazi nzuri. Vijana wa Afrika Mashariki nao walinaswa, na mwaka 2022 Kenya ilirejesha nyumbani raia wake kadhaa waliookolewa Myanmar. Basi mnyonge hulazimishwa kumwibia mnyonge mwenzake, na mirija yote miwili huishia kinywani mwa bwana mmoja.

Yatupasa kufanya nini? Usimtumie fedha mtu ambaye hujaonana naye ana kwa ana, hata akilia. Ushuru wa forodha hulipwa serikalini, haulipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Usitume picha za faragha, maana kesho zitakuwa kamba ya kukufungia. Aliyekwisha kuibiwa asifute ujumbe wowote. Awaarifu upesi benki au kampuni ya simu, kisha polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba za matapeli huripotiwa kwa 15040. Na akitokea mtu kuahidi kuzirudisha fedha hizo kwa malipo, ajue kwamba huyo ni tapeli wa pili.

Lakini silaha kuu ya tapeli ni siri. “Usimwambie mtu, watatuonea wijivu,” husema, na mpenzi hutii. Ndivyo mshahara wa mfanyakazi unavyokwisha, kisha mkopo, kisha, Mungu apishe mbali, akiba ya wenzake aliyokabidhiwa kuitunza. Tukimcheka mwenzetu aliyedanganywa, twamsaidia mwizi, kwani aogopaye kuchekwa hutuma tena akitumaini kuokoa cha kwanza. Mficha uchi hazai. Lakini nani atamfunulia jeraha mwenye kulicheka?

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, na turudishe mshenga. Kabla ya kutuma shilingi moja, msomee ujumbe ule dada yako, au mwenzako wa zamu. Mwenye nia njema hataogopa kuulizwa kwao ni wapi. Naye utakayemsomea asicheke. Aulize tu, kama walivyouliza wazee: huyu ni nani, ametoka wapi, na nani anamfahamu?