Kibali cha Mstaafu (2): Kizingiti Kinachopanda, Pensheni Iliyoganda

Juma lililopita tuliziangalia nchi zinazompa kibali cha ukaazi mtu anayeishi kwa pensheni, kodi za nyumba au gawio la hisa, kwa sharti kwamba hatatafuta ajira. Wengi huisoma orodha ile kama bei za sokoni: Panama dola 1,000 kwa mwezi, Ureno yuro 870 kwa kiwango cha mwaka 2025, Kenya dola 24,000 kwa mwaka, Uhispania yuro 2,400 kwa mwezi, basi aliye nafuu ndiye anayefuatwa. Nasema ulinganisho huo unampotosha mstaafu. Kiasi kinachotajwa mlangoni ni cha siku ya kuingia, naye anakwenda kuishi pengine miaka ishirini. La kuuliza kwanza ni ataitwa mara ngapi kuthibitisha tena kipato chake, kiwango hicho kimefungwa kwenye kitu gani, na pensheni yake itakuwa imefika wapi siku hiyo.

Ureno imekifunga kiwango cha viza yake ya D7 kwenye kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2021 kima hicho kilikuwa yuro 665. Mwaka 2025 kikafika 870, ongezeko la asilimia 31 hivi kwa miaka minne. Kwa mfanyakazi wa Kireno hiyo ni haki iliyochelewa, wala simwonei kijicho. Lakini mgeni aliyeingia kwa kipato kilichozidi kima kwa yuro chache tu hujikuta anakimbizana na mshahara ambao yeye haupokei. Uhispania, inayoonekana ghali, haikutumia mshahara bali fahirisi yake iitwayo IPREM, na humtaka mwombaji awe na mara nne ya fahirisi hiyo. Mwaka 2021 ilikuwa yuro 564.90, na tangu 2023 imesimama kwenye 600. Hilo ni ongezeko la asilimia 6 tu. Mlango wa Uhispania ni mwembamba, ila ukishapita, haukubani zaidi kila mwaka.

Thailand inalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Mstaafu wa miaka 50 na kuendelea hutakiwa kuwa na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na ukaazi wake huhuishwa mwaka hadi mwaka. Tarakimu hiyo haikupanda, kwa hiyo mtu angedhani imetulia. Kilichohama ni sarafu. Mwaka 2006 pauni moja ya Uingereza ilibadilishwa kwa karibu baht 70. Mwaka 2019 ilikuwa karibu 40. Maana yake baht 65,000 zilizokuwa kama pauni 930 zikawa zaidi ya pauni 1,600, na kiwango chenyewe hakijaguswa hata nukta. Mwaka huo huo wa 2019 ubalozi wa Uingereza mjini Bangkok uliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato, na mstaafu aliyezoea kupeleka karatasi moja Uhamiaji akalazimika kuonyesha fedha zenyewe zikiingia benki kila mwezi, au kuzifungia akiba.

Sasa tuiweke pensheni kwenye mizani. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na kwa mstaafu aliyeko Uingereza huongezwa kila mwaka. Akihamia Ureno, Uhispania au Mauritius, nyongeza inamfuata. Akihamia Thailand, Panama, Kenya au Tanzania, haimfuati: hubaki akipokea kiasi kile kile mpaka kufa. Wastaafu walioathirika walilifikisha suala hili kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wakashindwa. Basi Thailand, yenye kibali cha kuhuishwa kila mwaka, ndiko pensheni hiyo ilikoganda. Hakuna orodha ya bei itakayokuonyesha hayo, kwa sababu nusu ya habari imo katika sheria za nchi unayoiacha.

Utaniambia kwamba nchi mwenyeji ina haki ya kulinda hazina yake, na kwamba kiwango kisichopanda hugeuka utani. Nakubali. Sipingi kiwango kupanda. Napinga kukilinganisha bila kuangalia mwendo wake. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ukaazi wa kudumu: Ureno na Uhispania humfikisha mtu hapo baada ya miaka mitano, na mbio za kuthibitisha kipato kama hicho zikaisha. Ni kweli, nalo linaikaza hoja yangu. Panama humpa mwenye pensheni ya maisha ukaazi wa kudumu tangu mwanzo. Ndiyo maana kuganda kwa pensheni huko kunaumiza mfuko lakini hakutishii kibali. Malaysia ilifanya kinyume: mwaka 2021 ilipandisha kipato kilichotakiwa kwa mwezi kutoka ringiti 10,000 hadi 40,000 kwa mkupuo mmoja.

Hili linatugusa sisi moja kwa moja. Muuguzi Mkenya aliyestaafu Uingereza anaweza, tangu Katiba ya 2010, kushika uraia wa nchi mbili. Anarudi Kisumu bila kuomba kibali, ingawa pensheni yake itaganda. Asiye raia atahitaji kibali cha Kenya cha daraja K, ndicho kile cha wenye kipato bila ajira, na pensheni kamili ya Uingereza, kama pauni 11,970 kwa mwaka wa 2025/26, haifiki dola 24,000. Mwenzake Mtanzania aliyechukua pasipoti ya Uingereza aliupoteza uraia wake, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anashuka Tanga alikozaliwa akiwa mgeni mbele ya Uhamiaji, na pensheni iliyoganda tangu siku alipohama. Juma lijalo nitaeleza habari ya matibabu, ambayo kwa watu wa umri huo ni nzito kuliko kodi.