Milioni Zilezile, Majengo Tofauti

Tangu 2017 vituo vingi vya afya vya serikali Tanzania vimejengwa bila mkandarasi. Halmashauri hupokea fedha, hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa hapohapo ufundi tu. Kamati za wananchi na watumishi husimamia manunuzi, mapokezi na ujenzi. Ndiyo fosi akaunti. Kwa kuwa hakuna faida ya mkandarasi, shilingi milioni 400 au 500 ziliweza kukipa kituo kimoja jengo la upasuaji, wodi ya wazazi, maabara na nyumba ya mtumishi. Mwaka wa fedha 2018/19 hospitali 67 za wilaya zilianza kujengwa kwa bilioni 1.5 kila moja.

Utaratibu huu nautetea. Umesogeza upasuaji wa uzazi karibu na mama wa kijijini. Kasoro yake iko kwenye hizo tarakimu zenyewe: fedha hugawiwa sawa, wakati gharama haziko sawa.

Viwanda vikubwa vya saruji viko Wazo Hill, Tanga, Mbeya na Mtwara. Anayejenga Kibaha yuko jirani na kiwanda. Anayejenga kisiwani Ukerewe analipia safari ndefu ya lori, halafu kivuko, halafu vibarua wa kupakua, na bado hajanunua nondo wala mabati. Bei nazo hazitulii. Novemba 2020 saruji iliadimika na kupanda ghafla nchi nzima, na aliyekuwa na bajeti iliyopangwa miezi mingi nyuma hakuwa na pa kukimbilia.

Fedha zikipungua, kuta hazipungui, maana kuta ndizo zinazokaguliwa na kupigwa picha. Kinachoachwa ni mfumo wa maji, kichomea taka, na njia yenye paa ya kuunganisha majengo. Hiyo njia huonekana kama urembo mpaka usiku wa mvua, mama mwenye uchungu pingamizi anapotolewa wodini kwenda chumba cha upasuaji, manesi wanasukuma kitanda kwenye tope na mmoja amemshikia mwavuli. Kwangu mimi, kituo kisicho na njia hiyo hakijakamilika, hata kama kimezinduliwa.

Rwanda ilionyesha namna nyingine ya kupanga. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa 2011, ilijengwa kwa mawe ya volkano yaliyokuwa yakiwasumbua wakulima mashambani, yakachongwa na waashi wa hapohapo. Wodi zake zina madirisha makubwa na feni pana za kuzungusha hewa, ili kupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Walioipanga walianza kwa kuuliza pale inapojengwa kuna nini.

Kwetu swali hilo, la pale kuna nini na kwa bei gani, lina jibu la kihasibu: mhandisi wa halmashauri akadirie kwa bei ya mfuko wa saruji ukishafika kijijini, na mgawo wa fedha ufuate makadirio hayo. Ukerewe ipewe zaidi ya Kibaha, na tofauti hiyo iandikwe waziwazi kwenye bajeti.