Ukitaka kuacha sigara, jihadhari na siku ya tatu

JIONI moja nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu wa miaka minne ameketi kwenye kiti changu sebuleni, kalamu ya rangi kati ya vidole viwili. Aliipeleka kalamu mdomoni, akafumba jicho moja, kisha akapuliza hewa kuelekea darini. "Mimi ni baba," akasema huku akicheka.

Mama yake hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Wakati huo nilikuwa nimevuta sigara kwa miaka 12, tangu siku za chuo, ambapo sigara moja tuliivuta watu watatu nyuma ya bweni. Kufikia jioni hiyo nilikuwa nikimaliza sigara 15 kwa siku. Nilikuwa nimejaribu kuacha mara tatu, na mara zote hizo sikuiona siku ya nne. Watu wa nyumbani walidhani sina msimamo. Hata mimi nilianza kuamini hivyo.

Ukweli ni kwamba sikujua nilikuwa nikipigana na nini, wala vita vyenyewe huchukua muda gani. Wengi wanaoshindwa kuacha hushindwa katika siku hizo chache za kwanza, na laiti wangejua mapema yatakayowapata, huenda wangevumilia.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapovuta moshi wa sigara, nikotini hufika ubongoni kwa muda wa sekunde 10 hivi na kumfanya ajihisi ametulia. Ubongo huzoea. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini iliyokuwa katika damu huwa imeondoka, nao ubongo huanza kudai nyingine. Ndiyo sababu mvutaji huanza kuutazama mlango katikati ya mkutano au ibada. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mazoea yana taabu.

Ukiacha, mwili hauchelewi kushukuru. Baada ya dakika 20 tu, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya siku moja au mbili, kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moshi, hupungua katika damu hadi kiwango cha kawaida. Kufikia mwisho wa siku ya tatu, nikotini karibu yote huwa imetoka.

Hata hivyo, siku hizo hizo ndizo mwili hulalamika kwa sauti kubwa zaidi. Mtu hushikwa na hasira za ghafla, hukosa usingizi, kichwa humuuma, mawazo hayatulii na njaa haimwishi. Makali haya hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole kwa majuma mawili hadi manne. Asiyejua haya hudhani kwamba hali ya siku ya tatu ndiyo itakayokuwa hali yake maisha yote, naye hukata tamaa akiwa karibu kufika.

Siku zangu tatu

Nilivuta sigara yangu ya mwisho usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilitupa viberiti na kisahani cha majivu, tukafua mapazia yaliyokuwa yakinuka moshi. Nilimweleza mke wangu wazi kwamba siku tatu hizo nitakuwa mtu mgumu. Siku hiyo ilipita kwa kazi za mikono.

Jumapili mambo yaliharibika. Binti yangu alimwaga uji mezani, nami nikamkaripia hadi akajificha nyuma ya mamake. "Baba watoto, huyo si wewe anayesema, ni hiyo sigara," mke wangu akaniambia kwa upole. "Nenda ukatembee, utarudi ukiwa umetulia." Nilitembea mtaani karibu saa nzima. Laiti angenijibu kwa hasira, ningeenda moja kwa moja dukani.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Saa nne asubuhi nilitoka ofisini kwenda kunywa chai, miguu ikanipeleka yenyewe kwa mchuuzi wangu wa kila siku. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini anayetembea katika barabara za Nairobi anajua yanayofanyika. Mchuuzi alinitolea sigara kabla sijafungua kinywa. Niliishika. Mkono ulikuwa ukitetemeka.

Hapo nilikumbuka jambo nililokuwa nimesoma: hamu ya sigara ikikushika haikai siku nzima. Hudumu dakika tatu hadi tano hivi, kisha hulegea, uwe umevuta au hujavuta. Nilitazama saa yangu. Nilimrudishia sigara yake, nikanunua peremende mbili katika sanduku lilo hilo, nikaondoka kwa haraka bila kugeuka. Nilipofika kwenye ngazi za ofisi, hamu ilikuwa imepita kama matatu iliyojaa.

Ilirudi tena mchana, na tena jioni. Lakini sasa nilikuwa nimeujua urefu wake. Sikuwa tena nikijiuliza nitaishije miaka 30 bila sigara. Nilikuwa nikitafuta la kufanya kwa dakika tano.

Mambo ya kuzingatia

Punguza chai na kahawa. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vile vile vya zamani hukupa nguvu zaidi, ukakosa usingizi na kutetemeka huku ukidhani ni sigara tu.

Kipe kinywa na mikono kazi. Maji, karoti, njugu na miwa husaidia. Kupiga mswaki mara baada ya chakula huvunja ile desturi ya kuwasha sigara ukishiba.

Epuka baa kwa majuma ya kwanza. Pombe hulegeza kiapo cha mtu.

Usishtuke ukikohoa zaidi kwa muda, kwani mapafu huwa yanajisafisha. Lakini kikohozi kisichoisha, au chenye damu, kipeleke hospitalini.

Ikiwa mzigo ni mzito, muulize daktari au mfamasia kuhusu ubani au plasta za nikotini ambazo hupunguza makali hayo. Wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo wasizitumie bila ushauri wa daktari. Nanyi wanafunzi, kuhamia shisha si kuacha tumbaku.

Jamaa za nyumbani, msimhesabie makosa. Mvumilieni kwa siku tatu hizo, na mumpongeze kila jioni.

Aliyeacha naye asijidanganye kwamba "moja tu haina neno." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiteleza, anza tena, kwa maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nilifaulu mara ya nne.

Faida yake si ndogo. Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa na watafiti kuanzia mwaka wa 1951, na matokeo ya miaka 50 yalipotolewa mwaka wa 2004 yalionyesha kwamba anayeacha sigara akiwa na umri wa miaka 30 hivi huongeza maisha yake kwa takriban miaka 10, ikilinganishwa na anayeendelea kuvuta. Anayeacha akiwa na miaka 60 huongeza takriban mitatu. Kwa hivyo hakuna aliyechelewa.

Leo ni Jumapili. Ukiizima ya mwisho usiku wa leo, siku yako ya tatu itakuwa Jumatano. Waambie wa nyumbani mapema, weka peremende mfukoni, na siku hiyo usipite kwa yule mchuuzi. Alhamisi utaamka ukiwa umeuvuka mlima.